Sura ya Sita: Watu Wanne na Mashine Moja

Mtu mwenye shamba hawezi kufanya kazi ya kuajiriwa siku sita kwa wiki. Ataahidi, hata sahihi ataweka, lakini mvua za kwanza zikishaanguka juu ya Ufipa mwezi Novemba, siku ya sita itaanza kukosekana. Jumatatu mtoto anaumwa. Alhamisi kuna msiba huko Matanga. Jumamosi baiskeli imepata pancha njiani. Mwajiri anajua ukweli, mfanyakazi anajua kwamba mwajiri anajua, na wote wawili wanaishi na uongo huo hadi mahindi yafike magotini na palizi ya kwanza iishe.

Wiki fupi ya kazi imezungumzwa sana miaka ya karibuni kana kwamba ni jambo la watu wa ofisini peke yao. Iceland waliijaribu kati ya 2015 na 2019: wafanyakazi zaidi ya 2,500 walipunguziwa saa kutoka 40 kwa wiki hadi 35 au 36, mshahara ukabaki ule ule. Uingereza, kuanzia Juni 2022, kampuni 61 zenye wafanyakazi wapatao 2,900 zilijaribu kwa miezi 6, na kampuni 56 kati ya hizo zikaendelea na utaratibu huo majaribio yalipokwisha. Wengi wao walipata muda kwa kufuta vikao visivyo na kichwa wala miguu na kupunguza usumbufu wa kutwa nzima. Mashine ya kukamua alizeti haina vikao vya kufuta. Ina uwezo wake wa magunia kwa saa, na ukiizima saa tisa alasiri, mbegu ambazo zingekamuliwa saa kumi zinabaki kwenye gunia. Anayetaka wiki fupi kwenye mashine kama hiyo hana budi kutafuta njia nyingine, na njia hiyo inapita kwa watu anaowachagua.

Nitatumia mfano mmoja katika sura hii. Ni wa kubuni, ila sidhani kama kuna mfanyabiashara wa Sumbawanga atakayeuona mgeni. Mama mmoja ana mashine ya kukamua alizeti Pito, kata ya pembezoni mwa Manispaa, pale mji unapoanza kupisha mashamba. Ana duka dogo la mbele linalouza mafuta kwa chupa, kwa dumu na kwa ndoo ya lita 20, na banda la nyuma linalouza mashudu kwa wafugaji. Anahitaji watu wanne: wa mashine, wa mizani, wa kuchuja na kufungasha, na wa dukani. Anataka mashine ifanye kazi siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, saa nane kwa siku. Anataka pia kila mfanyakazi apumzike Jumapili na siku nyingine moja ya wiki, siku ya kwenda shambani, kliniki au benki bila kumdanganya mtu.

Hesabu yake inakaa. Watu wanne, siku tano kila mmoja, saa 40 kwa wiki. Siku mbili za wiki wanakuwepo wote wanne, na siku nne zilizobaki wanakuwa watatu kwa sababu mmoja yuko shambani. Siku za watu wote atazipeleka pale wateja wanapokuwa wengi, pengine Jumamosi na Jumatatu. Kisheria hana tatizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, siku sita, saa tisa kwa siku, na hakuna kifungu kinachomkataza mwajiri kuwa chini ya hapo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, kubana wiki ndani ya siku tano au pungufu kwa siku ndefu zaidi, hadi saa 12 pamoja na muda wa kula, mradi saa 45 za wiki zisipitwe. Mtu anayetoka mbali angeweza kuchagua siku nne za saa kumi. Binafsi nisingeshauri hivyo kwa mtu wa mashine. Saa ya kumi mbele ya mkanda unaozunguka ni saa ya vidole kukatika.

Ugumu uko kwenye zile siku nne za watu watatu. Siku hizo, kazi ya asiyekuwepo iko mikononi mwa mwenzake. Wa mizani anauza dukani, wa kufungasha anapima. Kila siku inayoisha inakabidhiwa kwa mtu ambaye kesho hatakuwa na wa kumuuliza. Mfanyakazi anayeficha ujuzi wake ili aonekane hakuna kama yeye, fundi anayejua nati gani imelegea na asimwambie mtu, karani wa mizani anayeweka hesabu kichwani: hawa wote wanaweza kuwa hodari wa kazi, na bado wiki fupi ikafia mikononi mwao. Katika biashara ya siku sita ambapo kila mtu yupo kila siku, tabia hizi hujificha kwa miaka. Kwenye zamu zinaonekana ndani ya wiki mbili.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba maadili ya timu yaandikwe kwa matendo yanayoonekana kwa macho. Neno kama "uaminifu" kwenye tangazo la kazi halimsaidii mtu. Kila anayeomba kazi ni mwaminifu siku anapoomba. Mama wa mfano wetu aandike hivi: hapa hatuchezei mizani, anayeharibu kitu anasema siku hiyo hiyo, anayetoka anaacha daftari limejazwa, kila mtu anamfundisha mwenzake kazi yake. Sentensi nne, na kila moja unaweza kuona kama imefuatwa au haikufuatwa kabla jua halijazama.

Kwenye mizani nisimame kidogo, maana biashara nyingi za nafaka hujengwa au kubomolewa hapo. Lumbesa imepigwa vita miaka mingi na Wakala wa Vipimo wakishirikiana na halmashauri, na bado mkulima wa Ufipa anajua uchungu wa gunia lililoshonewa kilemba juu. Mwenye mashine ambaye mwenyewe ananunua alizeti kwa lumbesa asubuhi hawezi kutafuta karani mwaminifu mchana. Atakayempata ni mtu aliyezoea kumpunja mkulima kwa niaba ya bosi, na mtu huyo hatachelewa kumpunja bosi kwa niaba yake mwenyewe. Kabla ya kubandika tangazo, mwajiri ajiulize ni ipi kati ya zile sentensi nne yeye mwenyewe anaivunja, kisha ama aache kuivunja ama aifute. Sentensi tatu za kweli zinafaa kuliko nne ambazo moja ni pambo.

Watu wa Ufipa wana historia ndefu ya kuunda timu kwa misingi ya mwenendo. Kabla chuma cha kununuliwa hakijajaa madukani, majembe ya eneo hili yalitoka katika matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu, ambayo yalimpita mtu kimo kwa mbali. Machache bado yamesimama porini. Hayakuhitaji mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukawaka siku kadhaa, na chuma kilichopatikana kikasafishwa kwenye tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Padre Wyckaert wa shirika la White Fathers aliandika juu ya wahunzi hao mwaka 1914, na baadaye mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda alifanya utafiti wa kina wa ufuaji chuma wa Ufipa. Kazi ilikuwa ya kikundi chini ya fundi mkuu. Ilihitaji mkaa mwingi, mawe ya chuma, na watu waliokubali kukaa kambini mbali na wake zao hadi chuma kitoke. Mwiko huo ulimbana fundi mkuu kama ulivyombana kijana wa kubeba mkaa.

Ninachokipenda katika utaratibu ule ni kwamba masharti yalijulikana kabla ya moto kuwashwa, na mkubwa hakujitoa. Kijana aliyeona hawezi alibaki nyumbani. Lakini historia hiyo ina upande wa pili, nao unatuhusu vilevile. Katika jamii nyingi za wahunzi wa Afrika, chuma kilipokataa kutoka, watu walianza kutafuta nani amevunja mwiko, wakati huenda tatizo lilikuwa mkaa mbichi au mawe mabaya. Wanawake nao walizuiwa kukaribia tanuri. Biashara inayojivunia maadili inaingia kwa urahisi kwenye mtego huo huo: mafuta yakipungua, tunamtafuta mwizi kabla ya kuangalia kichujio. Mama wa Pito akiona mafuta yamepungua, aanze na mashine na mbegu. Mbegu zenye unyevu hutoa mafuta kidogo hata mikononi mwa malaika.

Mtego mwingine ni mkubwa zaidi. Mtu akisema anatafuta watu wa maadili kama yake, mara nyingi anaishia na watu wa kanisa lake, wa ukoo wake, au wa kijiji alikozaliwa. Sheria ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingineyo, na ulinzi huo unamfikia hata anayeomba kazi. Tukiiweka sheria pembeni, biashara yenyewe inaumia. Pito na Sumbawanga nzima ina Wafipa, Wamambwe, Wanyiha, Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao, Wakinga wa madukani, Wakatoliki wengi, Wamoravian, Waislamu, Wapentekoste. Mwenye mashine anayeajiri kutoka jumuiya moja ya kanisa anajinyima mtu bora wa mizani kwa sababu mtu huyo anaswali Ijumaa. Isitoshe zamu inakuwa ngumu: watu wanne wa kanisa moja watataka siku ile ile ya semina, wakati timu iliyochanganyika ina mtu wa kufungua mashine Krismasi na mwingine wa kufungua Idi, wakikubaliana na kulipwa malipo ya sikukuu.

Halafu kuna ndugu. Shangazi atakuja, hilo halikwepeki. Atakuja jioni, atakaa, ataulizia watoto, na mwisho atasema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unachukua watu. Yule mdogo wako amekaa tu nyumbani tangu amalize kidato cha nne."

"Aje, shangazi. Kazi imetangazwa, tangazo liko ofisi ya kata. Jumatatu tunafanya majaribio na wenzake, na siku hiyo nitamlipa kama wengine."

"Sasa mwanangu, na majaribio tena? Huyo si mtoto wako?"

"Ni mtoto wangu, ndiyo maana nataka akiingia asije akanyooshewa kidole na mtu."

Jibu hilo ni la heshima na halijafunga mlango. Ndugu si mfanyakazi mbaya kwa kuwa ni ndugu. Anakuwa mbaya pale daftari linapomwogopa. Siku ambayo ndugu huyo amechelewa na hakuna anayeandika, wale watatu wengine wataacha kuandika pia, na hakuna mkutano utakaolirudisha daftari hilo.

Majaribio yenyewe yawe ya kazi halisi na yalipwe. Wapo waajiri wanaopenda mitego: wanaacha noti ya elfu kumi chini ya meza waone kama itarudishwa, au wanamtuma jirani ajifanye mteja wa kutoa hongo. Sikubaliani nao kabisa. Aliyegundua mtego amejifunza kwamba bosi wake ni mtu wa hila, na ambaye hakuugundua hajakuonyesha lolote zaidi ya kwamba siku hiyo alikuwa na bahati. Mwenye mashine wetu afanye hivi. Awape waombaji wawili magunia matano ya kupima. Wa kwanza apime magunia mawili na nusu aondoke, wa pili amalizie akitumia alichoachiwa. Aangalie kitabu. Je, wa kwanza aliandika kilo za gunia la nusu? Aliandika kwamba gunia la pili lina tundu? Wa pili alipoona tarakimu haisomeki, alibuni, au alimfuata mwenzake nje kumuuliza? Nusu saa hiyo inasema mengi kuliko mahojiano ya saa mbili, na inampa nafasi hata kijana asiyejua kujieleza mbele ya watu.

Maswali ya mdomo yawe machache, yaulize kilichotokea. "Mara ya mwisho ulipoharibu kitu cha mtu, ulifanyaje?" Anayejibu kwamba hajawahi kuharibu kitu ama hajafanya kazi ama hajawa mkweli. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ni nzuri, lakini mwenyekiti humjua kijana kwa ukoo wake. Mpigie simu aliyewahi kufanya naye kazi, umuulize jambo moja tu: alipoondoka, aliacha nini, na alimkabidhi nani?

Daftari la makabidhiano lenyewe halihitaji teknolojia. Kaunta buku moja, mistari imepigwa kwa rula: saa ya kufungua, magunia yaliyoingia na kilo zake, ndoo za mafuta, magunia ya mashudu, uniti za umeme wa LUKU asubuhi na jioni, fedha za dukani, na safu pana ya mwisho kwa ajili ya lolote lisilo la kawaida. Hiyo safu ya mwisho ndiyo roho ya timu. "Mashine inalia upande wa kushoto tangu saa saba." "Mteja wa Matanga kaacha dumu tupu mbili, atarudi Ijumaa." Safu ikikaa tupu wiki nzima, ujue watu wameanza kuficha. Uniti za LUKU nazo zina kazi yake. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa, na umeme ukikatika, saa za kusubiri zinaandikwa kama saa za kazi. Mwajiri anayewaambia watu wasubiri bandani saa tatu bila kuzihesabu, kisha jioni akawabakiza ili wafidie, ameirudisha wiki ya siku sita kwa mlango wa nyuma.

Mshahara usemwe mapema na usemwe wazi. Wiki fupi iliyojaribiwa Iceland na Uingereza ilibakiza mshahara mzima. Ukipunguza saa ukapunguza na fedha kwa kiwango hicho hicho, hiyo ni ajira ya muda, nayo ni halali na inaweza kumfaa mkulima, lakini iite kwa jina lake. Amri ya kima cha chini cha mshahara hutaja viwango vya saa, siku, wiki na mwezi, kwa hiyo ufupi wa wiki haumtoi mtu chini ya ulinzi huo. Wala usidhani kwamba kumwita mtu kibarua kunakuondolea wajibu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa miezi mitatu iliyopita amekufanyia kazi wastani wa saa 45 tu kwa mwezi. Hizo ni saa kama 10 kwa wiki. Yule kijana wa kubeba magunia anayekuja siku mbili kila wiki tangu Juni tayari anahesabiwa mfanyakazi wako, awe na karatasi au asiwe nayo, na mchango wake wa NSSF unakuhusu.

Miezi ya mwanzo itumike kuangalia kama zile sentensi nne zinaishi. Masharti ya sheria juu ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na waajiri wengi huishia hapo. Mimi ningependa muda huo utumike kwa pande zote mbili. Kila mwisho wa mwezi wafanyakazi wakae dakika chache na daftari, wamwambie mama mwenye mashine ni sentensi ipi yeye ameivunja. Akiweza kusikia hilo mbele ya watu wanne bila kukunja uso, timu yake itadumu. Asipoweza, watakaoondoka wa kwanza ni wale alioteseka kuwatafuta.

Sijasema popote kwamba wiki fupi itaongeza mafuta. Katika mashine moja yenye uwezo mmoja, haitaongeza. Inachopunguza ni siku za kukosekana ghafla, fundi aliyelala mbele ya mkanda, na gharama ya kumfundisha mtu mpya kila msimu. Mwenye mashine ambaye hayuko tayari kuona faida katika mambo hayo matatu aendelee na siku sita, lakini awaambie watu wake ukweli huo siku ya kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu, kalenda ya Ufipa haimsubiri. Alizeti huanza kuvunwa Mei, na kuanzia Juni hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha mtu kupima. Tangazo libandikwe Machi, kwenye ofisi ya kata, sokoni, msikitini na makanisani kote, na mikataba ya maandishi isainiwe kabla gunia la kwanza halijafika mlangoni.